Wahindi wa Kenya na Safari ya Uingereza, 1963–1968

Katika juma la mwisho la Februari 1968 uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, ulijaa watu usiku na mchana. Wanaume walipanga foleni na masanduku yaliyokazwa kwa kamba, wanawake walishika watoto mkononi, na wazee waliokuja kuaga walikaa pembeni. Tiketi zilikuwa adimu, na aliyekosa ndege ya kwenda London moja kwa moja alikuwa radhi kupitishwa katika miji mingine ya Ulaya, ili mradi afike. Hapakuwa na vita nchini, wala njaa, wala amri ya kumfukuza mtu. Watu hawa walikuwa wakishindana na tarehe. Serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza kwamba italeta Bungeni sheria ya kuwazuia wasiingie Uingereza watu waliokuwa na pasipoti za Uingereza yenyewe, na kila mmoja pale uwanjani alijua kwamba sheria hiyo ingepita kwa siku chache.

Yafaa kusema mapema kwamba kisa hiki si kile cha Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, na kwa sababu ya ukali wake tukio lile limelifunika hili la Kenya katika kumbukumbu za watu. Aliyefukuzwa haamui, hufungasha akaenda. Wahindi wa Kenya waliamua, na uamuzi wao ulichukua miaka minne, ukipikwa na kupoa na kupikwa tena katika nyumba za Ngara, Parklands na Eastleigh, katika vichochoro vya Mombasa, na nyuma ya maduka ya Kisumu na Nakuru. Neno "Wahindi" latumika hapa kwa desturi ya Kiswahili, likiwajumlisha Wagoa na wale ambao makwao kwa asili kuliangukia Pakistan mwaka 1947.

Asili yao haikuwa moja. Wapo waliokuwa na jamaa katika biashara ya Unguja na Mombasa tangu kabla ya ukoloni. Wengine waliletwa kujenga reli. Kati ya 1896 na 1901 walichukuliwa Bara Hindi vibarua wapatao 32,000. Kama 2,500 walikufa kazini, walio wengi walirudi kwao, na kama 6,700 tu walibaki. Kwa hiyo si kweli, ingawa husemwa mara nyingi, kwamba Wahindi wa Kenya ni wana wa vibarua wa reli. Sehemu kubwa yao ni wana wa watu waliokuja baadaye kwa nauli zao, kutoka Gujarat, Kachchh, Punjab na Goa, wakimfuata mjomba au ndugu aliyekwisha kufungua duka. Neno lenyewe "duka" lilikuja nao, kama vile "gari", "bima" na "hundi". Na mtu akizitazama lugha kama mashahidi, maneno haya manne yatosha kueleza kazi waliyoifanya.

Kazi hiyo haikuwa hiari tupu. Ukoloni uliwakataza kumiliki mashamba katika nyanda za juu zilizotengwa kwa Wazungu, ukawawekea shule zao, hospitali zao na mishahara yao, chini ya Mzungu na juu ya Mwafrika. Aliyezuiwa shamba na kuzuiwa madaraka hubaki na duka, karakana na meza ya ukarani. Mwafrika naye, aliyezuiwa karibu kila kitu, alipokwenda kununua chumvi au kuuza mahindi yake, uso aliouona mbele yake ulikuwa wa Mhindi. Gavana hakupima sukari dukani. Uchungu wa miaka sitini ulikusanyika juu ya mizani ya dukani, na haikuwa haki kuutazamia usahaulike usiku mmoja wa Desemba 1963. Wakati huo huo haikuwa haki kusahau kwamba Makhan Singh alikaa kizuizini kwa miaka kumi na mmoja, 1950 hadi 1961, kwa ajili ya vyama vya wafanyakazi na uhuru wa nchi hii, wala kwamba Pio Gama Pinto, aliyefungwa na wakoloni kama wenziwe wa Kiafrika, aliuawa kwa risasi Nairobi mwezi wa Februari 1965 akiwa Mbunge.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, sheria ya uraia ilisema hivi: aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja walau alizaliwa Kenya, alikuwa raia papo hapo. Aliyezaliwa Kenya ilhali wazazi wake wote wawili walizaliwa nje alikuwa na haki ya kuandikishwa, akiomba kabla miaka miwili haijapita. Uraia wa nchi mbili haukuruhusiwa. Maneno haya ni mafupi na ya kueleweka, walakini yalipoingia ndani ya nyumba yaligawa jamaa kama kisu. Mathalani, chukua nyumba ya karani mmoja wa miaka 30. Mama yake alizaliwa katika dola mojawapo ndogo za Kathiawar, zilizokuwa chini ya ulinzi wa Mwingereza, kwa hiyo huenda akahesabiwa mtu aliye chini ya himaya tu, asiye raia kamili wa mahali po pote. Karani mwenyewe alizaliwa Nairobi na wazazi wa kuja. Yeye ni raia wa Uingereza na Makoloni yake, na asipoomba kitu atabaki hivyo. Mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1960, ana baba aliyezaliwa Kenya. Basi alilala usiku wa tarehe 11 Desemba akiwa mtoto wa Kiingereza kwa sheria na kuamka raia wa Kenya. Nyanya, baba na mjukuu walikula sahani moja, na kila mmoja alikuwa wa serikali nyingine.

Baba huyu alikuwa na miaka miwili ya kufikiri. Wanasiasa wa siku zile, na waandishi wengi baada yao, wamemlaumu kwamba alikaa mguu mmoja ndani na mmoja nje. Ni kweli kwamba hadi ulipofika mwisho wa muda, Desemba 1965, waombaji walikuwa wachache kuliko waliostahili; huhesabiwa kuwa kama 20,000, katika jumuiya ambayo sensa ya 1962 iliikuta na watu wapatao 177,000. Lakini lawama hiyo hutazama mizani upande mmoja. Uraia wa Kenya ulimtaka aukane uraia aliokuwa nao, apokee badala yake ahadi ya nchi changa ambayo viongozi wake walizungumza kwa sauti zaidi ya moja kuhusu watu wa rangi yake. Pasipoti ya Uingereza, kwa upande mwingine, aliachiwa kwa sheria iliyopitishwa na Bunge la London lenyewe. Maadamu waliompa ndio walioitunga, kwa nini asiiamini? Zaidi ya hayo, wako walioomba uraia wa Kenya kabla ya muda kwisha, na maombi yao yakakaa katika majalada miaka mingi bila jibu. Hao hawakukaa mguu nje. Waliugonga mlango wakaambiwa wangoje.

Jamaa nyingi zilifanya kama wafanyavyo wenye biashara: ziligawa hatari. Kaka mkubwa mwenye leseni ya duka alichukua uraia wa Kenya ili duka lisimame, na mdogo wake akabaki Mwingereza ili pawe na mlango wa nyuma. Waliiita hesabu hiyo busara, na kweli ilikuwa bima. Jirani wa Kiafrika aliyeiona aliiita jina jingine, na mtu hawezi kumshangaa.

Mambo yalianza kubana mwaka 1967. Serikali ya Kenya ilipitisha sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa ya uhamiaji, iliyomlazimu asiye raia kupata kibali cha kazi, nacho kilitolewa pale tu ilipoonekana hakuna raia awezaye kuifanya kazi hiyo. Ya pili ilikuwa ya leseni za biashara, iliyomzuia asiye raia kufanya biashara nje ya maeneo yaliyotajwa, na kuuza bidhaa fulani zilizo chakula cha kila siku. Kusudi la sheria hizi lilikuwa kumfungulia Mwafrika njia ambazo ukoloni ulimfungia, na ni vigumu kuona serikali gani huru ingeacha kulifanya jambo hilo kwa namna moja au nyingine. Ila sheria hupiga mahali isipokusudia pia. Mwenye kiwanda alikuwa na mawakili na fedha benki. Sheria ilimwangukia zaidi kijana wa makamo: karani, fundi wa gari, mwalimu wa shule ya msingi, seremala, mwenye duka la mlango mmoja katika mji mdogo ambao haukutajwa katika orodha ya maeneo.

Ndipo mazungumzo ya nyumbani yalipogeuka. Kwa mzee, India ilikuwa mahali palipo na kijiji, kisima na jina la ukoo. Kwa kijana asiye na mke, Uingereza ilikuwa safari ya masomo. Wenye kuumia kwa kuamua walikuwa wale walio katikati: mume na mke wa miaka thelathini, wenye watoto wawili au watatu, mmoja wao amekwisha kuingia darasa la kwanza. Hawakuijua India ila kwa barua. Uingereza waliijua kwa vitabu vya shule, na Kenya waliijua kwa miguu yao.

Kilichopimwa katika mizani si "maisha bora" kama tamko, bali mambo madogo madogo. Kibali kikitolewa kwa miezi sita, karo ya muhula wa tatu italipwa na nani? Nyumba ikiuzwa sasa, wakati kila mtu mtaani anauza, itauzwa kwa bei gani? Cherehani itabebwa au itaachwa? Dhahabu ya mke, ambayo kwa desturi ni akiba yake mwenyewe, iuzwe kununulia tiketi? Na mama mkwe, ambaye hajapata kuvaa viatu vya kufunika mguu, atakaaje katika chumba kimoja cha kukodi katika mji wenye theluji? Mara nyingi mzee ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali na wa kwanza kusema nendeni. Na mara nyingi, jambo ambalo majalada ya serikali hayaandiki, mke ndiye aliyetoa neno la kukata, kwa kuwa ndiye aliyehesabu unga na mafuta na akajua kwamba akiba haitavuka Pasaka.

Mlango uliobaki wazi ulikuwa wa ajabu, na ulitokana na neno moja la kisheria. Uingereza ilikuwa imekwisha kutunga mwaka 1962 sheria ya kupunguza wahamiaji wa kutoka nchi za Jumuiya ya Madola. Sheria hiyo haikumgusa mwenye pasipoti iliyotolewa na Serikali ya Uingereza yenyewe. Iliwahusu wale waliopewa na serikali za makoloni. Kabla ya uhuru, Mhindi wa Nairobi alipewa pasipoti na Gavana wa Kenya, na kwa hiyo alizuiwa. Baada ya uhuru hapakuwa na Gavana. Pasipoti yake ilitolewa na ubalozi wa Uingereza mjini Nairobi, kwa jina la serikali ya London. Basi siku ile ile Kenya ilipojitawala, mtu huyu ambaye jana hakuweza kuingia Uingereza bila kibali alipata haki ya kuingia kama Mwingereza wa Manchester.

Je, ulikuwa usahaulifu wa watunga sheria? Duncan Sandys, aliyekuwa Waziri wa Makoloni wakati wa uhuru wa Kenya, alisema baadaye kwamba haikukusudiwa hivyo, na katika majira ya 1967 na 1968 alikuwa mbele, pamoja na Enoch Powell, katika kudai mlango ufungwe. Iain Macleod, aliyeshika wizara ile ile kabla yake na wa chama kile kile cha Conservative, alimjibu hadharani kwamba lilikusudiwa, na kwamba neno lililotolewa lapaswa kutimizwa. Mawaziri wawili, wizara moja, ahadi moja. Mwenye kuzisoma kumbukumbu za miaka ile ataona kwamba Macleod alisema kweli. Hata kama hapana mtu aliyesimama Nairobi akatoa hotuba ya kuahidi, watunga sheria walijua walichokiacha.

Maneno ya Sandys na Powell yalifanya kazi ambayo wao wenyewe walidai kuizuia. Kila aliposikia redioni kwamba mlango utafungwa, karani wa Ngara aliyekuwa bado anasitasita alikwenda kukata tiketi. Wingi wa wasafiri ukawa hoja ya kufunga upesi, na habari za kufunga upesi zikaongeza wasafiri. Mwezi wa Februari serikali ya Harold Wilson ilimtuma Malcolm MacDonald kuzungumza na Mzee Kenyatta, bila mafanikio. Tarehe 22 Februari Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, alitangaza kusudi la serikali. Tarehe 27 mswada ulisomwa Bungeni, ukapata kura 372 dhidi ya 62. Tarehe 1 Machi 1968 ulikuwa sheria. Wakati huo ndipo Embakasi ulipofurika. Hesabu ya familia nyingi sasa ilikuwa rahisi na ya kutisha: atangulie mwenye nyumba, kwa kuwa aliyekwisha kuingia na kukaa ndiye atakayeweza kuwaita mke na watoto wadogo. Mume aliondoka na sanduku moja, na mke akabaki na nyumba isiyouzika, watoto na mkwe.

Sheria yenyewe haikutaja rangi. Ilisema kwamba raia wa Uingereza aishiye ng'ambo ataingia bila kizuizi ikiwa yeye, au mzazi wake, au mzazi wa mzazi wake, alizaliwa Uingereza au alipata uraia kule. Mlowezi wa Kizungu wa Naivasha alikuwa na babu kama huyo, na karani wa Ngara hakuwa naye. Wale waliobaki nje waliwekewa vocha 1,500 kwa mwaka, kila moja kwa mkuu wa nyumba pamoja na wamtegemeao. India nayo, isitake kubeba mzigo ambao Uingereza ilikuwa ikiutua, iliwataka wenye pasipoti hizo wawe na viza. Kwa hiyo katika majira ya masika ya 1968 palikuwapo watu waliokuwa raia wa dola kubwa, wenye pasipoti halali mkononi, ambao hawakuruhusiwa kufanya kazi mahali walipozaliwa, wala kuingia nchi ya pasipoti yao, wala kwenda bila idhini nchi ya babu zao. Katika miaka iliyofuata baadhi yao walirushwa kutoka uwanja hadi uwanja wa ndege, wakikataliwa hapa na kurudishwa pale. Idadi ya vocha iliongezwa hadi 3,000 mwaka 1971, lakini foleni ilikuwa ndefu kuliko hiyo.

Waliofika walikuta kazi nyingi na heshima chache. Mhasibu aliandikishwa karani wa ghala, na mwalimu akawa kondakta wa basi. Wanawake ambao Kenya hawakupata kufanya kazi ya mshahara waliingia viwanda vya soksi na fulana vya Leicester, na huenda hilo ndilo badiliko kubwa kupita yote yaliyoletwa na safari hii, maana mke aletaye bahasha ya mshahara Ijumaa hakai tena mezani kama alivyokaa zamani. Tarehe 20 Aprili 1968, majuma saba tu baada ya sheria kupita, Powell alitoa Birmingham ile hotuba yake dhidi ya wahamiaji, na wafanyakazi wa bandari ya London wakaandamana kumwunga mkono. Hivyo ndivyo mwaka wa kwanza ulivyokuwa. Mwaka 1976 mgomo wa kiwanda cha picha cha Grunwick, London, uliongozwa na Jayaben Desai, mama aliyepitia Tanganyika kabla ya kufika Uingereza. Mgomo ulishindwa mwaka 1978, lakini maelfu ya wafanyakazi wa Kiingereza walikuwa wamesimama langoni pamoja na wanawake wenye sari.

Kesi ya waliozuiwa ilifika Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Uingereza ilikuwa imetia sahihi mwaka 1963 itifaki inayosema kwamba mtu hatanyimwa kuingia nchi ambayo ni raia wake, lakini haikupata kuithibitisha, kwa hiyo waombaji hawakuweza kuitegemea. Wakashika njia nyingine. Katika taarifa yake ya Desemba 1973 Tume ilikata shauri kwamba kumbagua mtu hadharani kwa rangi yake, kwa namna ile, kulikuwa kumdhalilisha, na ikawapa haki 25 kati ya waombaji 31. Sita waliobaki hawakuwa raia bali watu wa himaya, kama yule nyanya wa Kathiawar. Taarifa hiyo haikutolewa kwa umma hadi 1994. Mwaka 2002 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowaruhusu wale waliobaki na uraia wa ng'ambo, bila uraia mwingine, kuandikishwa kuwa raia kamili. Aliyekuwa na miaka 30 pale Embakasi alikuwa na miaka 64.

Kenya nayo iliendelea kupungukiwa. Sensa ya 1969 iliwakuta Wahindi wapatao 139,000, na ile ya 2019 haikufikisha 100,000. Katiba ya 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili, ule ambao mwaka 1963 ungemwondolea karani wetu usiku mwingi wa kukosa usingizi, na Julai 2017 serikali iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi.

Katika maduka ya Leicester na Wembley muhogo huitwa "mogo", na huuzwa ukiwa umekaangwa na kutiwa pilipili na ndimu, vile vile kama ulivyouzwa kandokando ya bahari Mombasa. Njugu ni "jugu". Bibi hutuma mjukuu alete "sufuria" au "kisu" au "fagio", na mjukuu, aliyezaliwa Uingereza na asiyepata kuiona Kenya, hudhani kwamba anazungumza Kigujarati.